Tulimsikia, Hakutusikia: Kufupisha Anwani Mbulu na Hanang

Siku ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu, na halikuwa la shule. Msimamizi wa Ujenzi wa minara, mtu mfupi mwenye sauti ya spika ya kanisani, alitupanga mstari kwenye kilima juu ya mji wa Mbulu, baridi imetukaba, akapita mbele ya kila mmoja akiuliza, "Wewe unaogopa kupanda?" Wenzangu wote walisema hawaogopi. Mimi nilitazama vyuma vilivyopotelea kwenye ukungu, nikasema, "Naogopa, mzee."

"Unaogopa sana?"

"Sana."

"Vaa mkanda. Utapanda wewe. Hawa wasioogopa watabeba saruji, maana saruji ikianguka hatuiziki."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kampuni za watu binafsi zinaingia na simu zao, mkoa wa Manyara ndiyo kwanza umekatwa kutoka Arusha, na kila kilima kinatafutiwa mnara. Nimesoma mpaka darasa la nne, nikatolewa kwenda kuchunga. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kutafuta cheti changu. Sina. Ninachokijua nilikipata kwa kushika, kwa kuuliza, na kwa kuogopa.

Msimamizi alinifundisha hofu kama wengine wanavyofundishwa hesabu. Kwanza radi. Mnara una waya mnene wa shaba unaoshuka mpaka ardhini, kazi yake kuipeleka radi udongoni, lakini mtu aliye juu wakati radi inashuka hana waya wake. Alituambia, "Ukiona nywele za mkono zinasimama bila upepo, usiage mtu. Shuka." Nimeshuka namna hiyo mara nyingi. Mara moja nilifika chini, nikapiga hatua chache kuelekea kibandani, na kilima kizima kikawa cheupe. Sikusikia kishindo. Nilijikuta nimekaa kwenye matope, mdomoni nina ladha ya msumari, na Msimamizi ananishika kichwa na kuniuliza jina la mama yangu.

Baadaye nilihamia kampuni ndogo ya mtandao wa kompyuta. Ilikuwa inaunganisha ofisi, shule na zahanati za Mbulu na Hanang kwa madishi, yaani yale mabakuli ya kupokea na kutuma mawimbi. Dishi la zahanati linatazama mnara wetu, mnara unatazama mnara mwingine, mpaka taarifa inafika mjini. Nilipangiwa kwanza upande wa Hanang, kwenye kilima chenye upepo wa kung'oa bati, kisha nikarudishwa Mbulu kuwa fundi mkuu wa minara. Huko nikakutana na Mkuu wa Kituo.

Mkuu wa Kituo alikuwa mama aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, mhandisi wa kusomea. Hakuwa mtu wa kelele. Akikasirika anashusha sauti, na akishusha sauti wewe unaanza kutafuta kosa lako mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha habari za anwani, na mpaka leo sijamwona mtu anayejua kueleza kama yeye.

"Mzee," aliniambia, "kila mashine kwenye mtandao ina anwani, kama sanduku la posta. Anwani za zamani zilikuwa fupi, zimekwisha, dunia imezigombania. Hizi mpya ni ndefu sana na hazitakwisha tukiwa hai." Akaniandikia moja ubaoni. Ilikuwa makundi ya tarakimu na herufi, kati ya kundi na kundi nukta mbili. Herufi zinaanzia a na kuishia f, kwa sababu hesabu hiyo baada ya tisa haiendi kumi, inaingia herufi. Mwanzo wa anwani tuliuita kichwa. Kichwa ndicho kinachosema uko mtaa gani wa mtandao, na mkia ndio unaosema wewe ni mashine ipi ndani ya nyumba. Zahanati na ofisi zilizo chini ya mnara wa Mbulu zilipewa vichwa vinavyoishia na 40 mpaka 4f. Za Hanang, 50 mpaka 5f. Zahanati ya Masieda ilikuwa Mbulu, ikapewa 47.

Hiyo 47 niliijua kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa. Binti yangu Paulina ameolewa Masieda. Kule simu za kawaida zilikuwa hazishiki mpaka upande mlima, kwa hiyo zahanati tuliifungia redio ya mtandao. Nesi anabonyeza kitufe, redio inabaki wazi mpaka aizime, anaongea, sauti inakatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, vinapita kwenye dishi na minara, vinaungana tena hospitali ya Mbulu kwenye chumba cha gari la wagonjwa. Kibandani kwetu nako tulikuwa na spika ya kusikilizia na kipaza sauti cha kujibia. Mwaka ninaousimulia Paulina alikuwa mjamzito, miezi imetimia, na uzazi wake wa kwanza ulikuwa umemtoa damu mpaka tukamwombea sala za mwisho. Mimi kila nilipopita pale kibandani nilikuwa naitazama ile spika kama mtu anayemtazama mbwa bila kujua kama anauma.

Ndipo makao makuu yakaagiza tufupishe njia.

Nieleze, maana vijana wa sasa wanabofya tu. Kwenye kila mnara kuna ruta, mashine inayoamua pakiti iende wapi. Ruta zinaambiana: "Nyumba 41 iko kwangu, nyumba 42 iko kwangu," moja moja. Umeme ukikatika kwenye nyumba moja, habari inazunguka minara yote kwamba nyumba fulani imepotea. Ukirudi, habari inazunguka tena kwamba imeonekana. Kwetu umeme ulikuwa unakatika kama mtu anayepepesa macho, na ruta zetu zilikuwa ndogo na zimechoka. Mtandao wote ulikuwa unayumba kwa ajili ya taa ya ofisi moja. Kufupisha ni kusema mara moja: "Kila kichwa cha 40 mpaka 4f, leteni Mbulu." Tangazo moja badala ya kumi na sita. Nyumba ikizima, Mbulu wanajua wenyewe, Hanang hawasumbuliwi.

Kuna mambo mawili ya kushika hapo. La kwanza, ruta ikikuta tangazo la jumla na tangazo la nyumba moja kwa jina, inafuata la nyumba moja, kwa sababu limetaja kichwa kirefu zaidi. La pili, mnara unaotangaza jumla unachimba shimo. Si shimo la jembe, ni amri ndani ya ruta: pakiti yoyote yenye kichwa changu ambayo sina nyumba yake, itupwe. Bila shimo, pakiti isiyo na mwenyewe inazunguka kati ya mnara na mnara mpaka inachosha njia.

"Kwa hiyo inatupwa na aliyeituma haambiwi?" nilimuuliza Mkuu.

"Mara nyingi haambiwi."

"Mimi sipendi hilo shimo."

"Hata mimi silipendi, mzee. Ila bila hilo ni mabaya zaidi."

Tulifanya kazi ile asubuhi moja ya mvua. Mkuu akaamuru ruta ya Mbulu itangaze 40 mpaka 4f, ya Hanang itangaze 50 mpaka 5f, na kila moja izuie matangazo mengine yote yasitoke. Mtandao ukatulia. Nakumbuka alivua miwani, akaifuta, akasema, "Sikiliza mzee, kimya kizuri hicho." Mimi nikachemsha chai.

Kabla chai haijapoa spika ikaita.

"Mbulu, Mbulu, hapa Masieda. Mnanisikia?"

Alikuwa Nesi Rehema, msichana wa Tanga aliyepangiwa kule, Kiswahili chake kinateleza kuliko chetu. Hospitali wakamjibu, tukawasikia: "Masieda, tunakusikia, sema."

"Mbulu, hapa Masieda. Kuna mtu hapo?"

"Tunakusikia, nesi! Sema!"

"Mbulu... jamani. Hawa watu wamelala au?"

Mkuu akaweka kikombe chini. Nesi akaendelea kuita, na sisi tunasikia mpaka pumzi yake, mpaka mvua kwenye bati la zahanati. Kisha akaacha kuita, akasema kama mtu anayeongea na ukuta: "Haya, nasema hivyohivyo, huenda kuna anayesikia. Nina mama hapa, Paulina mke wa Safari. Mtoto amekaa vibaya, na damu imeanza. Nahitaji gari sasa hivi. Mnanisikia?"

Nilisimama, nikaikumbatia ile spika kwa mikono miwili. Sioni haya kuandika hivyo. Mtu aliyepanda minara ya Mbulu na Hanang kwenye upepo, siku hiyo alikumbatia spika kama mtoto.

Hospitali walifanya yao. Tulisikia wakisema gari linatoka. Nikadhani tumepona. Mkuu akanyanyua kidole ninyamaze, kwa sababu nyuma ya nesi kulikuwa na sauti nyingine, ya mwanamume mzee. Niliitambua mara moja. Alikuwa Mzee Gwandu, baba mkwe wa binti yangu.

"Hawajibu. Tumbebe," alisema.

"Mzee, subiri kidogo."

"Nisubiri nini, binti? Kile kisanduku chako kimekufa. Nina vijana wanne wenye nguvu na machela iko tayari. Tunakata korongoni, tunatokea barabarani."

"Korongoni na mvua hii?"

"Sasa unataka tukae tumtazame?"

Msomaji asiyeijua Masieda aelewe. Gari linazunguka na barabara ya juu. Njia ya mkato inashuka korongoni, na korongo likipata mvua ya milimani halikuambii linakuja. Gari lingefika zahanati likute kitanda kitupu, na binti yangu awe chini kule na vijana wanne, maji yanashuka. Nilimjua Mzee Gwandu. Akisema anaondoka, huwa ameshasimama.

Nilinyakua kipaza sauti cha kibandani. "Gwandu! Msitoke! Gari linakuja! Gwandu, ni mimi!"

"Lete blanketi lingine hilo," Gwandu alisema kwa mtu wa kule, taratibu.

Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Fikiria unamwona mwanao anatembea kuelekea shimoni, unamwita, na kila unachosema kinaanguka miguuni pako mwenyewe. Mkuu alinishika bega kwa nguvu kuliko nilivyodhani anazo.

"Mzee, acha kipaza. Anaweza kutuma, hawezi kupokea. Maana yake kwenda kuna njia, kurudi hakuna. Nisaidie kufikiri."

Alikuwa ameshafungua ruta ya Mbulu kwenye kompyuta. Akashusha sauti, ile ya kuogopesha. "Masieda haipo hapa."

"Haipo vipi? Si tunamsikia?"

"Dishi lake halijaungana na mnara wetu. Na si leo tu. Inaonyesha halijaungana muda mrefu."

Mwili ulinisisimka kama siku ile ya radi. Dishi halipo, na sauti ya mtu inatoka kwenye spika, inaomba blanketi. Kwa sekunde ile niliwaza mambo ambayo mkristo hatakiwi kuyawaza.

"Mzee." Mkuu hakunitazama, macho yamebaki kwenye kioo cha kompyuta. "Ukisimama pale zahanati Masieda, unaona nini?"

"Milima."

"Milima gani?"

"Upande huu wa Mbulu mikaratusi, imekua imeziba. Upande ule, mawingu yakiondoka, unaona Hanang."

Vidole vyake vilishaanza kubonyeza. Alifungua ruta ya Hanang kutoka palepale, akapekua, akaweka kidole kwenye kioo. Masieda, 47, ilikuwa imekaa kwenye mnara wa Hanang kama mtoto wa jirani anayekula kwako.

Hapo yote yakaeleweka, na niyapange kama alivyonipangia baadaye. Mtu alikuwa amegeuza dishi likatazama Hanang. Neno la siri la minara yetu lilikuwa moja, kwa hiyo Hanang ikalipokea. Ruta ya Hanang ikawa inatangaza kimyakimya, "Nyumba 47 iko kwangu," na kwa kuwa tangazo la nyumba moja linashinda, majibu yalikuwa yanafika na hakuna aliyejua kitu. Asubuhi ile tuliiambia Hanang itangaze jumla yake tu. Ile 47 ikafungiwa ndani. Sauti ya nesi ilipita Hanang ikaja Mbulu vizuri. Majibu yetu yakaambiwa, 47 ni ya Mbulu, na Mbulu nyumba hiyo haipo. Yakatupwa. Kelele zangu zote, na jina la Gwandu, na "msitoke", viliangukia kwenye lile shimo nililosema silipendi.

"Naandika iruhusiwe 47 peke yake," Mkuu alisema. "Usinisemeshe."

Kwenye spika machela ilisikika ikigonga mlango. Nesi alikuwa analia sasa, ila analia huku anafanya kazi. "Mzee Gwandu, basi nakuja nanyi, siwezi kumwacha hivi. Mshikeni kichwa. Taratibu!"

Nikasikia sauti ya Paulina. Aliguna tu, kama alivyokuwa akiguna alipokuwa mdogo akinyanyuliwa usingizini.

Mkuu alibonyeza, akanisukumia kipaza.

"Nesi Rehema! Msitoke! Gari linakuja kwa barabara ya juu! Msitoke!"

Kimya. Mvua tu kwenye bati. Nilijua wameshatoka. Nilijua kama unavyojua umekosa kushika chuma, kabla hujaanza kuanguka.

Kisha miguu ikasikika inakimbia, na kipaza kikanyakuliwa.

"Nani huyo? Baba Paulina?"

"Ndiyo! Unanisikia?"

"Nakusikia! Jamani, nakusikia!" Kisha, mbali na kipaza, akapiga kelele ambayo sijawahi kusikia mtu wa Tanga akiipiga: "Mzee Gwandu, rudisha huyo mama ndani! Rudisha!"

Gari lilimkuta kitandani. Korongo lilishuka mchana huohuo. Paulina alipasuliwa Mbulu, mtoto akatoka hai, wa kike, amechoka, hakulia mpaka alipochapwa mara ya tatu. Mimi nilikaa nje ya wodi na buti zangu za matope, na kila mlango ulipofunguka nilisimama, maana siku hiyo sikuamini kimya cha aina yoyote.

Jua lilipotoka nilipanda Masieda. Mzee Gwandu alikuwa chini ya dishi, ameegemea fimbo, wala hana wasiwasi.

"Mzee mwenzangu, nani aligeuza hili?"

"Mimi. Miti iliziba, nesi analalamika kila siku. Nikalizungusha pole pole kama la televisheni mpaka akasema imeshika."

"Na hukutuambia?"

Akanitazama kama nimemtukana. Sisi wafugaji wa huku tuna desturi: ng'ombe wako wengine unawalaza kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa ukija au ukame ukija usimalize wote. Ng'ombe ni wako, maziwa ananywa yeye, na jambo hilo hulisemi barazani, kwa sababu hutaki watu wajue mifugo yako iko wapi.

"Nililaza dishi Hanang," alisema. "Bado ni la Mbulu. Wewe ng'ombe wako walioko Bashay umewatangazia nani?"

Kweli ninao ng'ombe Bashay, na hata mke wangu hajui idadi. Nikamwambia tu, "Gwandu, ng'ombe akilazwa nyamaza. Dishi likilazwa, njoo uniambie hata kama niko msalani."

"Ungesema hivyo ulipolifunga," akanijibu, akaenda zake kuchukua maji.

Tangu siku hiyo Mkuu wa Kituo aliweka utaratibu. Hatukufupisha njia yoyote kabla sijazunguka kwa miguu na kuona kila dishi linatazama wapi, na kuuliza wenyeji, si maofisa, "Nani amelaza hapa?" Utashangaa. Bashay walikuwa na dishi moja lililolazwa. Hanang mawili. Tulikuta pia shule iliyofunga dishi kwenye mti wa mwalimu mkuu, mti ukiyumba mtandao unayumba.

Nimestaafu. Magoti yamekwisha, na minara sasa inapandwa na vijana wenye mikanda mizuri kuliko yangu. Wanakuja kunisalimia, wananiambia sasa kompyuta inafupisha anwani yenyewe, haihitaji mtu. Sibishani nao. Nawauliza kitu kimoja: ikishafupisha, nani anakwenda kusimama pale kijijini apige simu na asubiri jibu? Wengine wanacheka. Anayecheka simwamini na mkanda. Najua kufupisha ni kuzuri, nimekuona kukituliza mtandao uliokuwa unatapatapa. Lakini unapotaja wengi kwa neno moja, yule asiye mahali unapodhani yupo hatakuambia. Ataita, na utamsikia, na utaamini mnaongea.

Paulina hunipigia kila Jumapili, siku hizi simu inashika mpaka jikoni kwake. Amelelewa vizuri, neno la kwanza ni salamu.

"Shikamoo, baba."

"Nakusikia," namwambia.

"Baba! Shikamoo!"

"Nakusikia, mwanangu. Wewe unanisikia?"

"Nakusikia, baba."

Hapo ndipo ninapoitikia marahaba.